Kitenge cha Ukaguzi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi 2025, siku wakubwa walipokuja kukagua mradi wa kikundi cha mke wangu, Scolastika.

Mradi gani? Ndiyo, uliza. Yeye na wanawake wenzake wa hapa machimboni, upande wa Geita, walikuwa wanaomba mkopo wa wanawake wanunue karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Miaka yote wao wanaponda kwa nyundo, wanaume wenye karasha ndio wananenepa. Ofisini wakaambiwa waombe wa kuku. Kuku! Huku ambako hata pumba tunanunua. Scolastika akakataa. Basi afisa mikopo, Donatus, kijana mwenye tumbo la kukalia kiti, akaleta sharti: mkopo hautoki mpaka wakaguzi waone mradi unafanya kazi.

"Mwanangu," Scolastika akamuuliza, "ningekuwa na karasha, kwako ningefuata nini?"

"Mama Loveness, utaratibu ndio huo. Sikuutunga mimi."

Hakuna aliyeutunga. Utaratibu wa nchi hii unaota wenyewe kama magugu.

Wakakodi karasha la Nassibu, mmoja wa wale wanaume, kwa siku hiyo moja. Kila mtu alijua ni la Nassibu, Donatus wa kwanza. Asubuhi mke wangu akaja na suruali yangu ya kazi, kaifunga kamba kiunoni, kama siku zote. Donatus akashuka kwenye gari, akakunja uso.

"Mama, suruali tena? Mgeni rasmi anakuja na mpiga picha! Vile vitenge vya Siku ya Wanawake viko wapi?"

"Mwanangu, hii mashine ina mkanda."

"Ni picha tu, mama."

"Mayu, mama yetu, vaa bwana," akasema Eunice wa kikundi chao. "Tusije kunyimwa mkopo kwa ajili ya suruali ya mzee!" Wakacheka.

Akavaa. Akapigwa picha, mkono juu ya karasha. Ndipo mgeni rasmi akasema, "Hebu washa, mama, tuone." Akawasha, akainama kuweka mawe. Mkanda ukadaka pindo la kitenge.

Siendelei hapo.

Tulimzika kijijini kwao, Samuye. Donatus alikuja msibani na shati jeupe, akala wali akamaliza, halafu akamwambia Eunice kikundi kimepungukiwa mtu, kwa hiyo ombi limekufa. Alitumia neno hilo hilo. Limekufa.

Machi iliyofuata, Siku ya Wanawake, nikakuta bango uwanjani: mke wangu na kitenge chake, anatabasamu pembeni ya karasha la Nassibu. Juu wameandika MIKOPO INAINUA WANAWAKE.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza. Mgeni rasmi akamtazama Donatus, Donatus akamwashiria mshereheshaji, mshereheshaji akaagiza muziki. Nikauliza tena, juu ya muziki wao: kama ilibidi mke wangu awe na mashine kwanza ndipo apewe hela ya mashine, hiyo hela ilikuwa ya kununulia nini?