Wakwe Wawili na Sufuria Moja

Dafroza alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wazee wawili walifika nyumbani kwake, mtaa wa Mukendo, siku ileile moja. Mama yake mzazi, Marcelina, alitoka Guta na unga wa ulezi. Mama wa mumewe, Nyamburi, alitoka kijijini kando ya ziwa na kikapu cha furu wakavu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Kila mmoja alikuja kumlisha mzazi, na nyumba ilikuwa na sufuria moja tu. Ilikuwa miaka ile ya uhaba. Sufuria madukani hukuipata hata ya dawa.

"Kwetu mzazi anapewaga uji," alisema Marcelina, ameshika sufuria.

"Kwetu anapewaga mchuzi wa samaki," alijibu Nyamburi, ameshika upande wa pili.

Dafroza alikula vyote.

Shida ya Marcelina ilikuwa moja: kwa mila zao, mama mkwe hatazamani uso kwa uso na mkwewe. Masatu, mume wa Dafroza, alikuwa fundi baiskeli. Kila aliporudi alikohoa mlango wa mbele, na Marcelina alijifunika kanga akatokea mlango wa nyuma, akasubiri kwa jirani hadi aitwe. Nyamburi aliliona hilo.

Basi siku zilizofuata Masatu akawa anarudi nyumbani mara nyingi ajabu. Uji ukianza tu kutokota, kikohozi hicho! Marcelina anatimka. Akirejea, uji uko bakulini haujaiva, na furu wanachemka sufuriani.

"Mkweo alipitia pampu ya baiskeli," Nyamburi alimwambia kwa upole.

Jumamosi moja kikohozi kilisikika tena. Marcelina akachomoka mlango wa nyuma na mwiko mkononi, akagongana kifua kwa kifua na Masatu, aliyekuwa uani ananawa miguu. Wote wawili walifumba macho.

"Nisamehe mama, sijakuona."

"Hata mimi sijakuona, baba." Kisha Marcelina akafumbua jicho moja. "Lakini kama wewe uko huku, nani amekohoa ndani?"

"Sijui, mama. Mimi nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Tangu jana nilikuwa Bunda."

Ndani, Nyamburi alikohoa tena, sauti nzito ya kiume.

Marcelina alikaa chini palepale, akacheka mpaka kanga ikamwanguka. Aliporudi jikoni alitoa hukumu: faini ni jogoo, na atoe aliyekohoa. Nyamburi alisingizia vumbi la ulezi, lakini kesho yake alikwenda sokoni mwenyewe.

Walimla jogoo yule wote pamoja. Masatu aligeukia ukutani na bakuli lake.

"Geuka, baba," Marcelina alimwambia. "Uso nimeshauona. Umefanana na baba yako, tumshukuru Mungu."

Nyamburi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Tangu hapo hakukimbia mtu. Wazee wale walishinda jikoni wakibishana kuhusu chumvi, mpaka mmoja akitoka kidogo mwenzake anamwulizia. Masatu akamnong'oneza mkewe: wazee wanaondoka lini?

"Usiwaulize mapema," alisema Dafroza, akiumega ugali wa mama yake na kuuchovya kwenye mchuzi wa mkwewe.