Nusu ya Reli

Kengele ya kigango chetu cha Misunkumilo ilikuwa kipande cha reli, kirefu kama mtoto wa darasa la pili, kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo mbili za mninga. Kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyekipiga kwa nyundo kila Jumapili asubuhi. Waumini wa ng'ambo ya bonde walipopewa kigango chao, katekista wao, Ladislas, akaja kwenye kikao cha wazee kuomba kengele.

"Tukate reli katikati," akasema Mzee Methusela, mwenyekiti wetu. "Kila upande upate nusu. Mama Marta, wewe unasoma fizikia jioni. Sauti itaharibika?"

Nilisimama. Nina miaka arobaini na nane, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo la shule mbele ya kikao. Wiki ile ile Mwalimu Nashon alikuwa ametufundisha kuhusu mitetemo.

"Haitaharibika," nikasema. "Urefu ukipungua nusu, mitetemo inakuwa mara mbili. Itakuwa do ile ile, ila ya juu. Ni kama besi amekaa chini, mwanamke akasimama kuimba."

Walicheka, wakapiga makofi. Ikapitishwa kwamba reli ikatwe Jumamosi, na mimi nitafute fundi. Usiku nilimshukuru Mungu kwa muda mrefu kuliko kawaida, na sasa najua kwamba nusu ya sala ile ilikuwa ya kujisifu.

Jumanne nilikwenda Majengo kwa Seleman, fundi wa kuchomelea. Alikuwa anakata nondo za madirisha, na dereva wa bodaboda aitwaye Dulla alikuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri keria yake ichomelewe. Vipande vya nondo vilikuwa vikianguka kwenye sakafu ya saruji, na kila kimoja kililia kwa sauti yake. Kirefu kikalia, kisha kifupi, cha nusu yake. Kwenye kwaya naimba sauti ya pili, masikio yangu yamezoea kupima. Kile kifupi kilikuwa juu mno.

"Baba Seleman, naomba hivyo viwili. Na uzi."

"Uzi wa nini, mama? Unataka kuvulia samaki?"

Nilikifunga kile kirefu uzi karibu na ncha, nikakining'iniza, nikakigonga kwa bisibisi. Nikaishika sauti yake kwa mdomo kama do, nikapanda ngazi mpaka do ya juu. Kisha nikagonga kifupi. Hakikuwa pale. Nikaendelea kupanda, re, mi, fa, mpaka nikakaza shingo kama kuku, na ndipo nikakikuta kwenye do nyingine tena, juu ya ile ya juu.

Seleman alikuwa ameinua miwani yake ya kazi. "Subhanallah. Mama, unaumwa?"

"Nikikata kitu nusu," nikamuuliza, "sauti inakuwaje?"

"Inapungua nusu," Dulla akadakia kutoka kwenye ndoo. "Ukikata mkate unapata nusu mkate. Hata hilo mnakwenda shule?"

"Basi honi ya pikipiki yako, ndogo kama kidole, mbona inapiga kelele kuliko wewe?" Seleman akamjibu. "Toa simu. Kuna programu ya kupimia sauti, wanaitumia wanaopiga gita."

Dulla akaipakua huku akinung'unika kuhusu bando lake. Nondo ndefu ikasoma mitetemo mia tatu thelathini na saba kwa sekunde. Fupi ikasoma elfu moja mia tatu na arobaini na kitu. Nilifanya hesabu kwa chaki kwenye mlango wa bati. Haikuwa mara mbili. Ilikuwa mara nne.

"Simu inadanganya," akasema Dulla.

"Simu na koo la mama vinadanganya pamoja?" akasema Seleman.

Jioni ile niliweka nondo mbili juu ya meza ya Mwalimu Nashon kabla hajaita majina. Alizigonga mara nyingi, kijana wa watu, kisha akacheka mwenyewe.

"Mama Marta, mimi niliwafundisha kamba. Kamba ya gita. Ukiivuta, inarudi kwa sababu imekazwa. Chuma hakijakazwa na mtu, kinarudi kwa ugumu wake chenyewe. Jaribu kukunja kijiti kirefu, halafu ukivunje na ukunje nusu yake. Kipi kinakushinda?"

"Kifupi."

"Ndiyo hivyo. Kikiwa kifupi kinabisha zaidi, kwa hiyo kinatetemeka haraka zaidi. Ila kwa nini nne kamili, nipe mpaka wiki ijayo. Nina kitabu nyumbani."

Nilitoka darasani na moyo mzito. Sauti kuwa nyembamba kulikuwa na ubaya gani? Kuku wanaitwa kwa sauti nyembamba, na wanakuja. Lakini nilimfikiria Bibi Vénérande. Anaishi peke yake ng'ambo ya bonde, kwenye kigango kile kipya. Hasikii simu ikiita wala mtu akibisha hodi. Anasikia ngoma, anasikia lori, na anasikia reli yetu. Kwa reli anajua kwamba ni Jumapili.

Jumatano nikavuka bonde. Nilimkuta anachambua maharage, nikamwinamia sikioni na kumwambia nataka kumpima. Nikasimama nyuma yake, nikagonga nondo ndefu.

"Naam," akasema. "Kengele ndogo."

Nikagonga fupi. Akaendelea kuchambua maharage. Nikagonga tena, kwa nguvu.

"Piga basi, mwanangu," akasema. "Mbona umenyamaza?"

Nilisali rozari nzima njiani kurudi, na sikuomba hekima. Niliomba miguu yangu isinigeuze. Kikao kilikuwa Ijumaa, na reli ilikuwa ikatwe kesho yake kwa neno langu.

"Nilichosema wiki iliyopita sicho," nikawaambia. "Niliichukua hesabu ya kamba nikaivisha chuma." Nikagonga nondo zangu, nikawaeleza habari ya bibi.

"Shule ya jioni, giza giza," akasema Abednego, mhasibu wetu, na watu wakaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka moto, lakini sikukaa.

"Kwa hiyo sisi tubaki bubu?" akauliza Ladislas.

"Na bibi ni mmoja," akasema Abednego. "Nyie wengine wote mna simu."

"Na sisi huku je?" nikauliza. "Nani hana simu? Nani hasikii?"

Upande wetu hapakuwa na hata mmoja. Maneno yaliyofuata sikuwa nimeyapanga, na yalipotoka nilitamani kuyarudisha. "Basi reli iende ng'ambo nzima nzima."

Mzee Methusela akanigeukia. "Na wewe utapiga nini, Mama Marta?"

"Seleman ana rimu ya lori, haina kazi."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye wakapiga kura kwa kuinua mikono, na hoja ya kuipeleka reli ng'ambo ikashinda kwa tofauti ya mikono miwili. Abednego aliinua wa kwake mwishoni, akitazama pembeni.

Kufikia Jumapili wanaume sita walikuwa wameshaibeba mpaka ng'ambo. Niliamka kama kawaida, nikasimama nyuma ya nyumba. Miaka yote ile nilikuwa naipiga nikiwa chini yake, masikio yakinilia, na sikuwahi kuisikia kutoka mbali. Sauti yake ilipokuja kutoka ng'ambo ilikuwa laini. Ule mlio mkali wa nyundo haukuwepo kabisa, ilifika ile ya chini tu, nene, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Nilidhani Ladislas amefunga nyundo kitambaa. Nilimpigia.

"Kitambaa gani, mama? Hapa tunaziba masikio. Bibi Vénérande ameshafika, amekaa benchi la mbele."

Kwa hiyo ule mlio mkali ulipotelea wapi bondeni, na huu wa chini ukavuka? Niliandika swali hilo kwenye daftari la fizikia, nikaweka alama ya kuuliza kubwa. Kisha nikachukua nyundo, nikaenda kupiga rimu.