Kinga ya Mashine ya Pili

Saa ya chakula, wafanyakazi wa kiwanda cha maboksi walipokuwa wamekaa juu ya mabunda ya karatasi, Dada Gundi alitoa kamera mfukoni mwa aproni. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake, kupaka gundi. Kamera ilikuwa ndogo, yenye lenzi mbili za kubadilisha, na alipenda kupiga vitu ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvitazama: viatu mlangoni, birika linalovuja, msimamizi akipiga miayo. Wenzake walimtania kwamba siku moja ataipiga picha hata njaa.

Mdogo wake wa kike alikuwa bado kwenye mashine ya pili, ya kukata, isiyosimamishwa hata saa ya chakula. Kinga ya kisu chake ilivunjika zamani, na wakubwa wakaona bila hiyo kazi inakwenda haraka. Kisu hicho ndicho kilichomkata mkono Kicheko, mwanamke aliyechekesha kiwanda kizima, akafa kwa kuishiwa damu kabla gari la hospitali halijafika. Nafasi yake akapewa mdogo wa Dada Gundi. Tangu hapo dada mtu hakula akashiba.

Alipompiga picha kwa lenzi fupi, mdogo wake alitokea peke yake. Alipofunga lenzi ndefu, Kicheko naye alitokea, kasimama nyuma ya binti na sare yake ya kazi, mikono yote mizima, mmoja umemshika binti kifundo cha mkono na kumvuta mbali na kisu. Dada Gundi aliifuta lenzi kwa kitambaa, akapiga tena. Kicheko alikuwa pale pale. Aliyemuuzia alimwambia lenzi ndefu huleta karibu walio mbali, kwa hiyo hakuona sababu ya kuirudisha.

Mdogo wake alipoonyeshwa alisema ndiyo, kuna mkono humvuta, wa baridi kidogo, hasa usingizi ukimnyemelea. Alidhani dada anajua. Wenzake walisema Kicheko kanenepa, wakarudi kwenye chakula chao.

Dada Gundi aliipeleka picha kwa msimamizi, akamwambia bila kuzunguka kwamba kisu bado kinatafuta mikono ya watu, kwa hiyo kinga irudishwe kabla hawajazika mwingine. Wakaingia wote kwa meneja. Meneja alivaa miwani, akaikuza picha mpaka vidole vikaonekana vizuri.

"Huyu si yule marehemu?"

"Ndiye, bosi," alisema msimamizi.

"Sasa kinga mnayonidai ni ya nini, na mtu yupo?"

Akaagiza mashine iongezwe kasi. Baadaye zamu ya usiku nayo ikahamishiwa mashine ya pili, kwa kuwa marehemu haombi likizo. Msimamizi alimpongeza Dada Gundi kwa jicho lake zuri.

Raha ya kamera ilimtoka. Viatu na birika hakuvipiga tena, na lenzi fupi aliiacha nyumbani. Kila siku alimpiga mdogo wake, na kila siku Kicheko alizidi kukonda, mgongo ukianza kupinda.

"Dada," mdogo wake alimwambia jana wakienda nyumbani, "ule mkono umeanza kulegea."

Katika picha ya leo Kicheko bado amemshika. Macho kayafumba.