Kalamu ya Hatua Ishirini

Mimi huandika vibao. Ukiingia Kamembe, mji wetu wa mpakani huku Rwanda, ukaona kinyozi au duka la dawa za mifugo ambalo jina lake limenyooka toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, hiyo ni kazi ya Kayitare, yaani mimi. Ukiona jina limepinda, ni kazi ya mtu mwingine, na sipendi kumtaja. Nimeandika miaka thelathini kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, na hakuna neno lililowahi kunishinda mpaka alipokuja Nzigire.

Nzigire ni mama wa Bukavu, upande wa Kongo. Alivuka mpaka na vitenge kwa miaka kumi na minane, akachoka, akauza mzigo wote na akakodi shamba la mikaratusi kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Humo alitaka kuweka mchezo aliouona Kigali: watu wanagawanyika makundi mawili, wanajificha nyuma ya miti na kurushiana vidonge vya rangi, na anayepakwa rangi anatoka. Vyombo vya kurushia alikuwa navyo kumi na viwili. Alikuwa na kitambaa pia, ambacho alikiandika kwa mkono wake mwenyewe: BUNDUKI ZA RANGI.

Kitambaa kilikaa juu kwa saa mbili tu. Bibi Nyiransabimana, jirani wa shamba, aliingiza mbuzi ndani, akaingiza wajukuu, akafunga mlango na kukaa sakafuni mbali na dirisha. Hakuuliza ni rangi gani. Polisi wawili walikuja kwa adabu wakaomba kitambaa kishushwe. Simcheki yule bibi. Watu wa umri wetu hatuhitaji kuelezwa neno lile, na mimi mwenyewe Nzigire aliponikunjulia kitambaa mezani, nilikikunja tena upesi.

“Papa Kayitare,” akaniambia, “ile kitu haiko bunduki. Haiuwe hata inzi. Jina tu njo inaniletea matata. Unitafutie jina ingine.”

Alikuwa ametoka kwa Bizimana, katibu mtendaji wa sekta. Bizimana hakuwa na ugomvi na rangi, wala na miti. Alimwambia kwamba angempa kibali, lakini siku atakayosikia neno bunduki kuhusu shamba lile, atalifunga na hatalifungua tena. Bizimana ni mtu wa kutimiza maneno yake, jambo ambalo limewachosha wengi. Shamba likifungwa, Nzigire hana pa kurudi, maana hata vitenge hakuwa navyo tena.

Nilianza na POMPI ZA RANGI. Niliona ni jina la amani. Siku ya tatu walifika wakulima watatu wa mpunga kutoka Muganza, wakiongozwa na mzee mmoja aitwaye Ntabaza. Walikishika chombo, wakakipima uzito, wakachungulia mdomo wake, wakauliza kinaingiza lita ngapi za dawa. Nzigire akawaeleza kwamba hakitoi dawa, kinatoa rangi tu. Ntabaza akafikiri, akasema wadudu wa mpunga hawajali rangi. Wakapanda gari wakarudi kwao, na nikakifuta kibao.

Ndipo nikaomba kuona karatasi zilizokuja na mzigo. Zilikuwa za Kifaransa, na katika Kifaransa hicho chombo kile kinaitwa marqueur. Sasa, marqueur katika shule zetu zote ni ile kalamu nene ya mwalimu ya kuandikia ubao mweupe. Nilisoma mara mbili. Waliokitengeneza wenyewe wanakiita kalamu, mimi ni nani nibishe? Nikaandika KALAMU ZA RANGI, kwa bluu, na kivuli cheupe.

Neno moja likavuta mengine. Vidonge vikawa wino. Kupiga kukawa kuandika, na aliyepatwa hakupigwa tena, aliandikwa. Zikabaki barakoa nyeusi za plastiki zilizokuja na mzigo, zenye kioo cha kukinga macho. Karatasi zilisema masque. Huku kwetu mtu wa masque ni yule anayeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi, kwa hiyo neno hilo nalo nililiacha. Nikaandika kofia. Kwenye kibao cha masharti, sharti la kwanza likasomeka hivi: KILA MWANDISHI AVAE KOFIA.

Bizimana alikuja akasoma kibao chote, akazunguka akatazama na nyuma yake, akapiga muhuri. Kwenye nafasi ya aina ya shughuli aliandika elimu na burudani. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu mmoja alileta barua ya kuomba kalamu tano kwa ajili ya darasa la sita.

Mchezo ukashika. Jumapili walikuja wafanyakazi wa saruji, waliotoka zamu na vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Murhula, dereva wa lori, alimwandika mkubwa wake mgongoni mara tatu na akarudi kazini akiwa mtu mpya. Bibi Nyiransabimana aliwatoa mbuzi, kisha akatoka mwenyewe, akawa anaketi kando ya ua akicheka watu wazima wanavyotambaa. Nilijivuna sana, nasema wazi. Nilijiona nimeondoa hofu mtaani kwa brashi.

Kilichokuwa kinamsumbua Nzigire ni zile kofia. Kofia huvaliwa kichwani, na watu walizivaa kichwani. Wengine walizilaza utosini, wengine walizigeuza kisogoni wakapigwa picha. Alikuwa akikimbia kati ya miti akiwavuta mmoja mmoja. “Shusha ku macho, papa. Shusha.” Nao walimjibu kwa upole kwamba ni kofia, imeandikwa pale. Hawakuwa wakorofi. Walikuwa wamesoma kibao.

“Papa Kayitare,” akaniambia siku moja, “andika masque.”

“Maman Nzigire, usiniharibie kibao. Nani aliumizwa na kalamu?”

Akarudi mitini kushusha kofia. Ningetamani angenitukana.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, saa tisa mchana, nilikwenda shambani kutengeneza herufi zilizokuwa zimeliwa na mvua. Nilipanda kigoda mbele ya kibao, ndani ya kamba iliyozunguka mchezo. Sharti la kwanza nililitimiza: mimi ni Mwislamu, kofia yangu nilikuwa nimeivaa tangu asubuhi. Nyuma yangu mtu akaita jina la Murhula, watu wakacheka. Murhula akageuka na kidole kikiwa bado mahali pake kwenye kalamu, na mimi nikageuka pia, kuona wanachekea nini.

Nilianguka na kopo langu la rangi. Ilikuwa kama ngumi, ila imetoka ndani ya kichwa. Jicho la kulia liliona mikono yangu imejaa rangi ya chungwa. Jicho la kushoto halikuona kitu. Murhula alipiga magoti akisema, “Muzee, nimekuandika, muzee, unisamehe,” na wenzake wote wakashusha kofia zao machoni, wakati huo.

Niliogopa. Herufi zangu hazitoki mkononi, zinatoka machoni, na yalikuwa mawili tu. Nzigire alinipakia kwenye pikipiki, akapanda nyuma yangu, akanishika njia nzima ili nisianguke. Mimi nilikuwa nikifikiria hospitalini wataniuliza nini.

Waliuliza. Muuguzi mmoja, dada mpole aitwaye Uwamahoro, alikuwa na fomu.

“Umeumizwa na nini, mzee?”

“Kalamu,” nikasema.

Akaandika kalamu. Akauliza kama wino umeingia, nikasema umeingia. Akanipa chupa ya maji safi nisafishe, akanionyesha benchi. Mbele yetu walikuwa watu kumi na mmoja, wakiwemo wawili wenye homa kali. Kwa jicho lenye wino hiyo ilikuwa haki kabisa. Sikuwa na la kulalamika.

Mlangoni alikaa polisi, anasikiliza redio. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Neno moja tu na Nzigire amekwisha, kwa hiyo nitakaa kwenye benchi hata mpaka jioni. Jina la kalamu nililileta mimi, na kofia pia. Nilimwaga maji juu ya jicho, na maji yakarudi mekundu.

Uwamahoro alipita tena, akaona ule wekundu, akasimama.

“Ulijichoma mwenyewe?”

“Niliandikwa.”

“Na nani?”

“Na mtu. Alikuwa hatua ishirini hivi.”

Akatazama fomu yake. “Kalamu ya hatua ishirini?”

“Ni kalamu ndefu,” nikasema.

Watu wa kwenye benchi waligeuka kunitazama. Nilikaza uso, upande uliokuwa bado unakazika.

“Dada, futa ile,” Nzigire akasema. “Huyu muzee anadanganya juu yangu. Andika bunduki.”

Nilimshika kitenge. “Maman, ni kalamu.”

“Kalamu haina nguvu ya kupasula jicho.” Hakunitazama, alikuwa anamtazama muuguzi. “Bunduki ya rangi imemupiga, na hakuvaa masque ku macho. Nilijua haiko kofia. Nilijua tangu mwanzo, na nikaacha batu bacheze. Andika vile nasema.”

Redio ya mlangoni ikazimwa. Benchi zima likasimama, hata wenye homa, wakanipisha. Uwamahoro aliingia mlango mmoja akatoka na daktari aliyekuwa akivaa glavu huku anatembea. Haikupita dakika moja, nikawa ndani, nimelazwa na kichwa kimeinuliwa, wananiangazia taa.

Daktari aliniambia baadaye kwamba damu ilikuwa imejaa mbele ya mboni na mgandamizo ulikuwa unapanda. Ningekaa kwenye benchi mpaka jioni, jicho lingekufa. Limebaki, ingawa si lote. Linaona mwanga na herufi kubwa. Bizimana naye alitimiza ahadi kesho yake, kabla ya saa tatu asubuhi.

Lakini siku ile, nikiwa kitandani, mlango ulikuwa wazi kidogo, na nikasikia polisi akiuliza huko nje bunduki ni ya nani.

“Ni yangu,” Nzigire akasema. Halafu akamtajia jina lake lote, pole pole, herufi moja moja, ili asikosee kuliandika.