Kidole cha Mama Mkwe

Musimbi alikuwa jikoni kwake, kule Malinya, akijifanya anapepeta maharagwe. Maharagwe yenyewe yalipepetwa jana yakaisha. Kazi aliyokuwa nayo hasa ni kuchungulia kwenye ufa wa ukuta unaopakana na sebule, maana mkwe wake Bramwel alikuwa ameketi huko, na mama mkwe haruhusiwi kukaa chumba kimoja na mume wa bintiye, sembuse kumgusa. Kuchungulia hakukukatazwa. Angalau hakuna mzee aliyewahi kukutaja, na Musimbi hakuwa mtu wa kuwakumbusha.

Bramwel, karani wa mjini Kakamega, mtu wa kupiga pasi hata soksi, alifika saa tatu asubuhi kumchukua mkewe Awinja, aliyekuja kusaidia kuvuna. Alidhani saa nne watakuwa njiani. Lakini alipokewa na Shikanga, shemeji yake Musimbi, na Shikanga akianza habari za fahali wake wa mapigano, hata fahali mwenyewe huchoka. Sasa saa saba ilikuwa imepita. Muda wote huo mkwe hakutia kitu mdomoni, kwa sababu kuku wa kumfungulia chakula katika boma hilo alikuwa bado anatembea uani. Mkwe ambaye hajachinjiwa kuku huyo hali kwa wakwe, hata tumbo lingelia mbele za watu.

Kupitia ufa, Musimbi akaona shati la Bramwel limelowa jasho, na siku yenyewe ni ya baridi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Kisha akamwambia Shikanga, kwa ulimi mzito, "Huyo fahali wako... salimia watoto wake," akacheka peke yake.

Shikanga akasimama. "Awinja, njoo uone mume wako. Amekuja kwetu amelewa."

"Baba mdogo, huyu hanywangi."

"Wasiokunywa ndio hulewanga hivi. Mpeleke akalale. Jioni itakuwa imemtoka."

Musimbi akaweka ungo chini. Mwaka uliotangulia, tisini na tatu, alihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza kwenye zahanati, siku tano. Kusema kweli alifuata soda na mkate wa saa nne, lakini masikio hayakuwa yakitafuna. Mwalimu wao Swafia, muuguzi kutoka Mumias, aliwaambia kwamba ubongo hula sukari, na ukiikosa mtu huyumba kama mlevi, halafu huzimia, halafu hufa akiachwa alale. "Kabla hujamnusa mdomo," alisema Swafia, "uliza amekula lini."

"Shemeji," Musimbi akaita, "mwambie atabasamu."

Shikanga akaangaza huku na huku. "Nani huyo?"

"Ni ukuta. Mwambie atabasamu."

"Amelewa kwa marehemu ndugu yangu, halafu nimbembeleze atabasamu?"

"Nataka kuona kama mdomo umeenda upande. Na ainue mikono yote miwili."

Ikabidi Awinja amwombe mumewe. Tabasamu likatoka, la kijinga, lakini sawasawa pande zote. Mikono ikapanda pamoja. Huenda si kiharusi basi, Musimbi akawaza.

"Awinja, mume wako hudungwanga sindano?"

Awinja akainamisha kichwa.

"Mwanangu, nakuuliza."

"Kila asubuhi, Mama. Ya ugonjwa wa sukari. Alinikataza nisiseme. Alisema mtaona mmemwoza binti kwa mgonjwa."

"Na leo amekula?"

"Nisipokuwepo, huyu hata moto hajui kuwasha."

"Basi sindano bila chakula imemaliza sukari yote mwilini. Koroga maji ya sukari, vijiko vitano, na usipime kama mchoyo."

Awinja akakoroga mbio, akampelekea kikombe mdomoni. Bramwel, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa amemwita mkewe Fahali, akafunga meno. Jina la mke lilikuwa limempotea, lakini adabu ilibaki mahali pake.

"Siwezi kunywa kwa wakwe," akasema polepole. "Mama yupo."

"Hayupo," Awinja akamsihi.

"Yupo. Naona jicho."

Musimbi akaliondoa lile jicho ukutani. Alipolirudisha, kichwa cha Bramwel kilikuwa kimeanguka kifuani na maji ya sukari yamemwagika sakafuni.

Shikanga akaokota kikombe kilichobakiza funda moja. "Nitamfungua mdomo nimmiminie."

"Usithubutu. Aliyezimia hamezi, maji yatamwendea mapafuni. Mlazeni ubavu."

Hakuna aliyemlaza. Awinja alikuwa analia, mikono imekufa ganzi. Shikanga alikuwa ameshika kikombe kama mtu anayesubiri chai.

Musimbi akachukua chupa ya asali juu ya rafu, akaenda hadi mlango wa sebule. Kwenye kizingiti miguu ilikataa. Mama yake mzazi alijificha migombani miaka thelathini kila mkwe alipopita. Kisha akamtazama Awinja, ana miaka ishirini na minne, akamwona kwa mawazo amefunga kitambaa cheusi cha mjane. Akaingia.

Alipiga magoti, akamgeuza mkwe kwa ubavu, akamwinua kidevu ili mate yatoke, akasikiliza. Pumzi ipo. Akachovya kidole kwenye asali, akaipaka ndani ya shavu, nje ya meno, kidogo kidogo.

"Shemeji, unajua unachofanya?" Shikanga alikuwa amegeukia ukuta kwa heshima.

"Najua. Wewe nenda barabarani usimamishe gari lolote."

Shikanga akatoka mbio.

Musimbi akachovya, akapaka, akachovya tena. "Nisikilize, karani," akanong'ona. "Mahindi bado yako shambani na magunia hayana mbebaji. Huendi popote."

Chupa ilikuwa imefika nusu pale ulimi ulipojisogeza. Ukalamba. Bramwel akafumbua macho, akaona uso wa mama mkwe umbali wa shubiri moja, na kidole chake shavuni mwake. Akayafumba tena.

"Amezimia tena," Awinja akalia.

"Hapana. Huyo ameona haya. Nafurahi, mwanangu, dakika tano zilizopita hakuwa nazo." Akamwinamia. "Bramwel, mkeo anaitwa nani?"

"Awinja," akajibu, macho yamefumbwa.

"Na mimi?"

"Wewe hauko hapa, mama."

Akili imerudi, Musimbi akasema moyoni. Akamketisha, na alipoona anameza vizuri akampa chai yenye sukari, kisha ndizi. Bramwel alikula akiangalia paa. Shikanga akarudi na pikapu iliyobeba fahali, ya kumpeleka mgonjwa hospitali mjini.

"Mwiko umevunjwa," Shikanga akasema akihema. "Wazee watauliza."

"Waambie kidole kimetangulia, kuku anafuata. Mdomo ulioonja kidole changu utakataa paja?"

Jumamosi iliyofuata kuku alichinjwa, Bramwel akakaa mezani na obusuma, ugali wa kwao, mbele yake. Mama mkwe alirudi jikoni kwenye ufa wake, maana hakuona sababu ya kuacha kiti kizuri. Shikanga akakohoa, akasogeza kiti. "Sasa, mkwe, yule fahali wangu—"

Ukuta ukagongwa mara mbili.

"Shemeji," ukuta ukasema, "mtu ale kwanza."