Dawa Katika Mkoba wa Nyundo

Neno liliingia dukani kwa mdomo wa mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake lipindwe. Alisema kule juu, kwenye uwanda wa mawe, mtu hulala vizuri tu, asubuhi haamki. Hajaumwa na nyoka, hajaanguka. Kalala, basi. Mafundi wote walicheka. Mama mwenye cherehani ya dirishani naye alicheka, lakini lile neno lilimganda kama kupe, maana binti yake alikuwa safarini kwenda huko huko.

Binti alikuwa mwalimu wa jiolojia chuoni. Chuo kilimtuma akague uwanda: gari lipite wapi, wanafunzi walale wapi, waonyeshwe majabali gani. Akirudi na jibu zuri, basi la wanafunzi lingepanda.

"Mama, hizo ni porojo za watu wasio na kazi."

"Na wewe unayelamba mawe, ndiyo una kazi?"

Binti akaangua kicheko. Kweli alikuwa akilamba mawe. Jiwe likilowa, chembe zake huonekana vizuri. "Mimi nalamba kwa mshahara."

"Wenzako hulamba udongo wakiwa na mimba. Wewe mjukuu mwenyewe hujaniletea."

Mama alimfungia sweta, soksi nzito na chupa ya chai. Halafu, kama kila safari tangu binti akiwa shule, akachomeka pakiti ya dawa ya kichwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa nyundo yake ya kuvunjia mawe.

Jioni binti alipiga simu. Walikuwa wameshafika juu, yeye na dereva, kwa mwendo wa siku moja.

"Pako tambarare kama meza, mama! Nimesimama juu ya gari kutafuta mtandao."

"Hujambo lakini?"

"Kichwa tu kiliniuma. Nimemeza dawa yako, kimetulia. Wewe ni daktari wangu."

"Si mshuke mlale chini?"

"Kesho tunapanda kidogo tena. Kuna genge la mwamba nataka wanafunzi walione. Halafu tunashuka."

Dawa imefanya kazi. Usiku ule mama alipata usingizi mzuri, wa kwanza tangu aliposikia lile neno.

Kisha dereva alikuja dukani peke yake. Akakaa kwenye benchi la wateja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani.

Dereva akaeleza. Pale gengeni mwalimu alianza kuyumba. Yeye akamtania, "Mwalimu, umekunywa nini bila mimi?" Wakacheka. Alipoona anatapika, alimwambia washuke. Mwalimu akameza vidonge vingine, akasema kichwa kimetulia, amwache amalize kupima, la sivyo chuo kitafuta safari. Wakapiga hema pale pale. Asubuhi alimwita, hakuitika. Akambeba hadi garini, akashuka mbio. Walipofika hospitali alikuwa ameshafariki.

"Daktari kasema kule hewa ni nyepesi, mama. Gari linafika, mwili bado uko nyuma unazoea polepole. Kichwa kikiuma, mwili unaomba ungojwe. Zile dawa ziliunyamazisha."

"Zilikuwa kwenye mfuko wa pembeni?"

"Ndiyo, mama."

"Zimebaki?"

"Mbili."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akageuza upindo, akaendelea kushona. Uzi ulikuwa umekwisha; sindano ilitoboa kitambaa kitupu mpaka mwisho, na hakuna aliyemwambia.

Baada ya mazishi watu wa chuo walikuja. Walisema safari itafanyika kwa kufuata ramani ya marehemu, kwa heshima yake. Waliuliza kama mama ana neno. Hakulia. Aliomba karatasi hii aliyoiandika isomwe kabla basi halijawashwa, na kila mzazi apewe yake.

Ya kuepuka:

Kupanda hadi juu kwa siku moja.

Kulala juu siku hiyo hiyo.

Kumeza dawa ya kichwa halafu kuendelea kupanda.

Kuficha kuumwa ili safari isifutwe.

Kumtania anayeyumba. Mshushe.

Kungoja asubuhi.