Munira Hayumo Pichani

Mtu asinipe pole. Nimejitakia mwenyewe.

Wiki iliyopita, siku ya Idi pili, tulitoka Kang'ata kwenda Korogwe kupiga picha ya familia: mimi, mume wangu Athuman, mwanetu Salimu, na mdogo wake Munira, mwenye miaka sita. Munira amezaliwa na Down sindromu, ndivyo walivyotuambia kliniki. Alivaa gauni lake jipya la njano.

Tulipomaliza kupigwa picha studio, Athuman alitoka nje na watoto kununua machungwa. Mpiga picha akanionyesha picha kwenye kompyuta, na mimi na mdomo wangu nikamnong'oneza, "Kaka, huyu mdogo huwezi kumrekebisha kidogo? Macho, pua, na huo ulimi uingie ndani." Mawifi zangu walikuwa wanakuja Jumapili, na nimechoka kuona wanavyomkodolea macho mwanangu. Akabofyabofya, akamaliza. Sikumwambia mtu.

Jumapili picha ikawa ukutani. Wifi Fatu akasema, "Mashallah, mmependeza!" Nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Munira akapanda kwenye kiti, akaanza kututaja kwa kidole. "Baba. Mama. Kaka." Alipofika kwa yule mtoto wa gauni la njano akashusha kidole. Akainua fremu, akachungulia nyuma yake.

"Munira wapi?"

Wageni wakacheka. Athuman hakucheka. Aliisogelea picha, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama Salimu, mwanangu yuko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Badala ya kukiri, nikamfokea mtoto. "Si huyo hapo! Huyo ndiye wewe!" Ee Mola wangu, kwa nini sikunyamaza?

Kesho yake asubuhi nilikuwa namvalisha kandambili. Kidole gumba chake cha mguu kimeachana na cha pili, na ukanda unakaa pale vizuri, haumchubui kamwe. Masikio yake ni madogo, yanaenea yote kwenye busu moja. Macho yamepanda kwa pembeni, na akicheka yanafumba kabisa, ulimi unachungulia, hata uwe umenuna vipi utacheka naye. Mwanangu ni mzuri, wallahi. Na nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniua, nilikuwa najua!

Nikamtekenya nimwone anavyocheka. Akaanza, halafu akakatisha. Akakimbilia chini ya picha, akausukuma ulimi ndani kwa kidole, akafumba mdomo, akayatumbua macho kama yule wa ukutani. Akanigeukia, mashavu ameyabana, anangoja nimsifu.

Nilimkumbatia nikalia. "Utoe, mama. Utoe ulimi wako, cheka." Hakunielewa. Alinifuta machozi kwa viganja vyake vifupi, mdomo ameufumba vilevile.

Picha nimeishusha, nimeichana. Lakini leo jirani alipobisha hodi, kabla sijamkaribisha, Munira alikuwa ameshapeleka kidole mdomoni.